Ngiri ya Baba Mkwe

Mzee Nurdin aliificha ngiri yake kama mwizi anavyoficha ngawira. Pale Mchikichini alipouza viatu vya mitumba, aliifunga kwa mkanda mpana chini ya suruali. Ikitoka, aliisukuma kwa kiganja, ikarudi ndani, biashara ikaendelea. Jirani yake wa meza, Beno, hakuchoka kumchokoza.

"Mzee, una mkwe bingwa wa upasuaji, nawe unatembea umejishika kinena? Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa, Beno. Na huyo bingwa ndiye aliyemuoa niliyemzaa. Shughulika na raba zako."

Hapo ndipo mfupa ulipokwama. Mkwe wake, Ramadhan, hata sahani moja hajala naye. Akija Ilala kumsalimu, huchutama mlangoni, macho chini, na shikamoo yake hutoka kama anaomba radhi. Ndivyo walivyolelewa wote wawili kwao Lindi, na mzee alijivunia kwamba usomi haukumharibu kijana.

Siku moja aliinua robota la viatu peke yake, ngiri ikatoka, ikagoma kurudi. Aliisukuma mpaka machozi yakamtoka. Ikawa ngumu kama ndimu bichi, tumbo likavimba, akaanza kutapika nyongo. Beno alimpakia kwenye bajaji huku akimtukana kwa mapenzi.

Hospitalini nesi hakuzungusha maneno. Alimwambia Mwanne, binti wa mzee, kwamba utumbo umenaswa kwenye tundu, damu haifiki, na usipofunguliwa sasa utaoza. Wapasuaji waliokuwapo zamu hiyo ni wawili. Mmoja, Dokta Tarsis, alikuwa ndani na majeruhi wa ajali. Wa pili alikuwa Ramadhan.

"Huyo hapana," mzee alisema.

"Baba, leo ni daktari tu."

"Akivaa glavu anaacha kuwa mkwe? Nilale uchi mbele ya mume wa mwanangu, kisha siku ya Idi aje anishike mkono?"

"Utakuwa umelala, Baba. Hutaona kitu."

"Yeye ataona."

Ramadhan hakuingia. Alizungumza kupitia mlango uliofunguliwa kidogo, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, mzee. Unisamehe kusema mbele yako. Utumbo huo hautusubiri. Nakuomba ruhusa."

"Marahaba, baba. Nimekusikia. Namsubiri mwenzako."

Mtu mwenye akili zake akikataa kisu, hakatwi. Mwanne alilia, akapiga magoti, bure. Baadaye maumivu yakakatika ghafla, na mzee akatabasamu.

"Mnaona? Inapoa yenyewe."

Nje ya mlango alimsikia mkwewe akishusha pumzi. Alidhani ni pumzi ya faraja; hakujua kwamba utumbo uliokufa hauumi.

Dokta Tarsis alipopata nafasi, alikata kipande kirefu cha utumbo uliokwisha kuwa mweusi. Tumbo lilikuwa limejaa usaha, hivyo hakuthubutu kuunganisha kilichobaki. Alitoa ncha yake juu ya tumbo, akabandika mfuko wa kupokea choo.

Sasa mzee amelala chumba cha mbele, nyumbani Ilala. Mfuko hujaa, huvuja, na mikono yake inatetemeka. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo ni Mwanne anayemfunua, anayemwosha, anayemfuta choo tumboni, naye hufumba macho kama mtoto anayedhani asipoona haonekani. Mila ilikuwa na neno juu ya mkwe. Juu ya binti ilikuwa na neno kali zaidi, ila hilo hakulikumbuka mapema.

Jana mfuko ulibanduka na ngozi ikachubuka. Ramadhan alileta mipya. Alisimama kizingitini, akamnyooshea mkewe, macho chini.

"Kidonda kikoje?" aliuliza. "Ningekiona, ningejua dawa."

Mzee alifungua mdomo. Safari hii alitaka kusema ingia. Mwanne alimtangulia.

"Baki hapohapo, mume wangu," alisema bila kugeuka. "Baba ana heshima yake. Tumwachie hiyo, maana ndiyo iliyobaki."

Ramadhan akarudi nyuma, akauvuta mlango taratibu, kama kijana aliyelelewa vizuri.