Shamba Lililohamia Kapata

Mama Godelieve alikuwa amepiga magoti akipuliza makaa ya mbabula, achemshe chai ya mume wake, shamba lao lilipowasili. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kumi na mbili. Lilikuja polepole kwa barabara ya Musonoi, likakata kona penye bomba la maji, likaingia kupitia mlango wa jikoni, kwa kuwa halikuwa mgeni. Mahindi yake, ambayo lilijipandia lenyewe, yalifika magotini. Nyumba za mtaa wa Kapata zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, si mashamba, kwa hiyo ilibidi lijikunje: nusu sebuleni, nusu chumbani, kukizunguka kitanda. Godelieve alihamisha viti viwili na redio, akarudi kwenye chai yake.

Miaka miwili kabla, kampuni moja ya madini ilikuwa imelizungushia uzio shamba hilo, kisha haikuchimba chochote. Nadhani lilichoka kukaa bure.

Tata Omer, mumewe, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika zamani, alinusa udongo kutoka kitandani.

“Gode, ni mashamba yetu?”

“Njo yenyewe, Tata,” alikubali.

“Ilikawia,” alisema. “Ikiiva, mi nitakula.”

Godelieve alisimama na kikombe mkononi, akalia kidogo kwa furaha. Omer alikuwa ameacha kula. Serikali ya mkoa ilikuwa imetangaza kwamba raia wale chakula cha nchi yao. Malori ya unga kutoka Zambia yakazuiwa mpakani, na huo unga wa nchi ulikuwa bado haujalimwa. Dukani ulibaki unga mkuukuu unaonuka gunia. Omer aliuonja mara moja, akageukia ukuta. Tangu hapo aliishi kwa chai, na kila alipomgeuza kitandani Godelieve alimkuta mwepesi zaidi. Asipokula, angemfia mikononi.

Jumamosi ni siku ya salongo, mtaa mzima unapofanya kazi ya pamoja. Kabemba, mkuu wa mtaa, alichungulia dirishani kukagua usafi.

“Mama Gode, mu chumba muko majani mingi.”

“Naona, chefu. Ni mvua.”

Wakaja watu kumi na mmoja na majembe yao, wakavua viatu, wakapalilia kuanzia sebuleni hadi chini ya kitanda. Omer aliwashukuru mmoja mmoja, akiwatambua kwa kikohozi. Walirudi Jumamosi tatu nyingine. Mahindi yakagusa dari, na usiku Omer alilala ameshika jani moja, jinsi mtoto anavyoshika kanga ya mama yake.

Mwezi wa nne mahindi yalipokauka, akaja Stany, bwana shamba wa serikali, kijana mwenye adabu. Alipima nyumba kwa kamba, akaandika kwenye fomu: mahali, chumba cha kulala. Kisha akafungua ramani. Serikali ilikuwa imeagiza kila kampuni ya madini iwe na shamba, na kampuni yenye uzio ilikuwa imelionyesha hilo hilo kuwa ndilo shamba lake.

“Mama, munisamehe. Hii mashamba iko ya kampuni.”

“Lakini iko mu nyumba yangu. Ilikuya yenyewe.”

“Naona, mama. Mashamba ilihama. Karatasi haikuhama.”

Godelieve alimwomba masuke matatu tu, kwa ajili ya mgonjwa. Stany aliipitia fomu mstari kwa mstari. Haikuwa na nafasi ya kuandika mgonjwa.

Ijumaa wakaja vibarua wa kampuni. Walikuwa watu wapole, walivuna bila kelele, wakang'oa hata mabua. Omer alisikia nyayo, akadhani ni salongo.

“Aksanti sana, bandugu,” alisema. “Mungu abasaidie.”

Kibarua mmoja alivua kofia. Mwingine alijibu, “Aksanti, Tata,” akafunga gunia.

Mahindi yalipelekwa mjini kwenye sikukuu ya chakula cha nchi, yakafungwa utepe, yakapigwa picha pamoja na wakubwa. Kampuni ilipongezwa. Nayo, kwa moyo mwema, ikamletea Godelieve mfuko wa unga. Alisoma maandishi ya kwenye mfuko, upande huu kisha ule. Ulikuwa umesagwa ng'ambo ya mpaka.

Akawasha mbabula, akasonga bukari, ule ugali wa kwao, akaufinyanga mviringo na kuulainisha kwa kijiko kilicholowa, jinsi Omer alivyoupenda walipooana. Akaketi kando yake. Mkono wa mzee ulinyoosha vidole kutafuta jani. Godelieve akaweka mkono wake hapo.

“Ni ya mashamba yetu?”

Miaka arobaini na mmoja hakuwahi kumdanganya.

“Njo ya mashamba yetu, Tata.”

Omer akala tonge la kwanza, la pili, la tatu. Akasema ni tamu, kwamba unga wa nyumbani mtu anaujua hata bila macho. Chini ya kitanda, bila hata bua moja, shamba lilisikia yote, likanyamaza.