Jumamosi ya Matawi

Wivu wa Manirambona ulianzia kwenye maharage.

Mkewe Immakulata, katibu wa kwaya, alikuwa ameyamwaga juu ya meza ya sebuleni kwao pale Kasulu, anayapanga moja moja kuonyesha safari. Harage hili ni Heru Juu, siku ya kwanza, watu wapande vilima na kuangalia mabonde. Hili ni njia panda, na hili ni daraja. Hili ni Isumo, maporomoko yenyewe, siku ya pili, ambapo kwaya ingerekodi video yake. La mwisho ni Kibondo, waimbe na wenyeji wao kisha wageuze. Upande wa pili wa meza alikaa Wilondja, Mkongo mwenye studio ya picha karibu na soko, ambaye ndiye angerekodi. Kila Immakulata alipoweka harage, Wilondja alilisogeza kidogo kwa ncha ya kidole.

"Apana, Mama Immakulata. Isumo tufike asubui, jua ikiwa nyuma yetu. Mangaribi ile maji itakuwa nyeusi, foto itaharibika."

"Jua lipi, na masika haya!" Immakulata akacheka.

Manirambona alikuwa ameegemea mlango, mikono imejaa vumbi la mbao, na kicheko kile kilimchoma. Hakikuwa kicheko cha kumfurahisha mgeni. Kilikuwa kile cha zamani, cha kutupa kichwa nyuma, ambacho yeye alidhani kimekwisha kama vinavyokwisha vitu vya ndoa. Kumbe kilikuwepo siku zote, kinamngoja Mkongo na maharage yake.

"Papa Akimana, karibu na wewe," alisema Wilondja. "Wewe njo mwenye kujua kule."

"Endeleeni tu," alijibu Manirambona, akatoka kwenda kupiga randa ubao ambao ulikuwa laini tangu jana.

Tumtendee haki. Mtu huyu alikuwa na sababu ya kuumia, ingawa sababu yenyewe aliitengeneza kwa mikono yake. Alizaliwa kwenye kilima kile kile cha Isumo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakapata shamba pale, na miaka baadaye wakapata uraia, naye akakua akilala na kuamka kwa ngurumo ya maji. Alipomchumbia Immakulata, binti wa kijiji cha Gwarama ambaye hakuwahi kuona maji yakianguka kutoka juu kuliko paa la nyumba, hakuwa na mali ya kujisifia. Alikuwa na maporomoko. "Siku ya kwanza utakapoyaona," alimwambia, "mimi ndiye nitakayekuwa nimekushika mkono." Immakulata akakubali vyote viwili, maporomoko na mwanamume.

Ndoa ikafungwa, Akimana akazaliwa, wadogo zake wakafuata. Masika yakija, Manirambona alisema barabara ni mbaya. Kiangazi kikija, alisema maji yamepungua, hayana maana ya kwenda kuyatazama. Kwa hesabu yake Isumo haikufikika mwaka mzima. Immakulata aliuliza, akauliza tena, halafu akaacha kuuliza, na mumewe akauchukua ukimya ule kuwa ameridhika. Wanaume wa namna hii hawana haja ya adui, wanajitosha wenyewe.

Sasa Mkongo amekuja na kamera, na kila kitu ndani ya nyumba kikamuudhi Manirambona. Immakulata amenunua mabuti ya mvua, kwa nini mekundu? Wilondja amepewa chai, kwa nini kwenye kikombe kile kikubwa cha bati ambacho watoto wenyewe wanajua ni cha baba? Na lile neno "Wilondja anasema", mchana Wilondja anasema, jioni Wilondja anasema. Usiku alimgeuzia mkewe mgongo akisubiri aulizwe kuna nini, na alipoulizwa akajibu hakuna.

Safari ilipangwa wiki ya baada ya Pasaka. Kabla ya hapo ilibidi watu wachache waende kuikagua barabara ya Isumo, waone kama basi la kwaya litavuka daraja. Siku iliyochaguliwa ni Jumamosi, kuamkia Jumapili ya Matawi. Waende watatu: Immakulata, Wilondja na mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mzito wa mwili na wa maneno aitwaye Theodosia. Ijumaa jioni Theodosia akatuma ujumbe kwamba binti yake amepelekwa kujifungua, haendi popote. Wakabaki wawili.

"Twende wote, Baba Akimana," Immakulata alisema wakati wa chakula. "Garini kuna nafasi. Njia ile unaijua wewe."

"Nina milango ya watu."

"Milango haina miguu. Utaikuta."

"Nimesema nina kazi."

Immakulata alinawa, akajifuta kwa upole, akamtazama. "Nisikilize. Kesho tunaishia darajani. Kule juu sipandi. Nimeyangoja maji yale miaka yote hii, siwezi kushindwa wiki mbili. Nitayaona na kwaya, na wewe uwe pale, unishike mkono kama ulivyosema."

Mume mwingine angetokwa na machozi. Manirambona alisikia maneno yale, akayageuza kichwani usiku kucha, na asubuhi akawa amebakiwa na moja tu: leo, mkewe na Mkongo, peke yao.

Lazima niwaeleze wasioijua milima hii. Gari likikwama kwenye kona, au maji yakibeba kipande cha barabara, dereva hukata matawi na kuyalaza njiani mbali kidogo na pale penye hatari. Anayeyakuta husimama. Hakuna dereva, hata awe mlevi, anayeyavuka matawi ya masika. Alfajiri ile Manirambona aliwatangulia kwa pikipiki yake, akakata njia za mashambani, akafika kwenye kona ya kabla ya daraja mvua ikiwa inanyunya. Akachomoa panga, akakata.

Mwanamke aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni alimsalimu. "Mwakeye! Unajiandaa na Matawi ya kesho?"

"Ego, mama, najiandaa."

Mwanamke akaenda zake. Manirambona akayalaza matawi upana wote wa barabara, akaficha pikipiki, akapanda mteremko hadi kwenye migomba akachuchumaa. Watafika, watayaona, watageuza. Saa sita Immakulata atakuwa nyumbani, na mabuti yake mekundu safi.

Gari lilikuja polepole kwenye tope, likasimama. Wilondja akashuka, akatazama matawi, akatikisa kichwa. Immakulata naye akashuka. Manirambona hakusikia maneno, mvua ilikuwa inapiga majani ya migomba. Aliona tu mkewe anakaza kitenge kiunoni, ananyoosha mkono kuelekea kilimani. Wilondja akaifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki. Wote wawili wakaiacha barabara wakaanza kupanda kwa njia ya mguu, Immakulata mbele.

Hapo Manirambona alielewa, kwa kuchelewa. Walikuwa wametumwa kulikagua daraja, na daraja hawajaliona. Anayekuta barabara imefungwa pale hupita njia ya mguu, huzunguka kilima na kushukia darajani kwa upande wa pili. Kila mtoto aliyezaliwa pale anaijua njia hiyo, na anajua inapita wapi. Inapita mbele ya Isumo, karibu kiasi kwamba unalowa uso. Immakulata aliiona njia tu, inakopita hakujua. Alikuwa anatafuta daraja.

Akainuka awafuate. Apige kelele, aseme lolote, hata aonekane mjinga. Hakuwa amefika barabarani aliposikia watu.

Walikuja kutoka kona ya juu, zaidi ya ishirini, wanakimbia kwenye tope. Walibeba majembe, walibeba kamba, na wanaume wanne walikuwa na ingobyi begani, ile machela ya kusuka wanayobebea wagonjwa kushuka nayo hospitali. Yule mwanamke wa kuni alikuwa katikati yao. Alipofika nyumbani alisema ameona mtu anakata matawi, jirani aliyepita nyuma yake akasema yamelazwa barabarani, na pale hilo linatosha. Matawi njiani maana yake kuna mtu anahitaji mkono. Manirambona alikumbuka nusu ya desturi ile, nusu iliyomfaa.

"Hili la hapa ni zima. Lililokwama liko wapi?" aliuliza Niyubahwe, mwenyekiti wa kitongoji, akihema.

Angesema kweli pale pale, aibu ingekuwa ndogo. Lakini wivu ulikuwa umemzoeza uongo. "Lori," alisema. "Limeteleza. Limeshukia korongoni."

"Watu wangapi?"

"Sijui. Wawili."

Wanawake wakashika vichwa. Wanaume wakatawanyika ukingoni, wakiita chini kwenye mto uliojaa, wakinyamaza kusikiliza, wakiita tena. Manirambona alilazimika kuita nao. Aliita watu ambao hawapo, na kila alipoinua macho aliona njia ya mguu pale kilimani, tupu, na nyuma yake ngurumo ile aliyokua nayo. Sasa hivi wamefika kwenye jiwe kubwa. Sasa hivi wanakata kona. Alitaka kulia.

Niyubahwe akajifunga kamba kiunoni. "Nishikeni," alisema, "nashuka." Kamba ikapitishwa mikononi mwa wanaume, na Manirambona akajikuta ameishika wa tatu, anasikia uzito wa mtu mzima mwenye watoto akiteremka kwenye tope linaloserereka kuelekea maji mekundu. Kamba ikaruka ghafla. Niyubahwe alikuwa ameteleza, ananing'inia.

"Hakuna lori!" Manirambona alipiga kelele. "Mvuteni! Hakuna lori, niliyaweka mimi!"

Walimvuta kwanza. Alitokea amejaa tope mpaka masikioni, kiwiko kinatoka damu, akakaa chini kupata pumzi.

"Uliyaweka kwa nini?"

"Mke wangu," alisema Manirambona. "Alikuwa anakwenda Isumo na mtu."

Mmoja alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Niyubahwe alipangusa tope usoni. "Wewe si mwana wa Nizigiyimana? Mliokuwa pale juu?"

"Ndiyo."

"Baba yako tulimshusha kwa ingobyi hii hii. Usiku, na mvua kama hii." Akaifungua kamba kiunoni taratibu. "Yaondoe matawi yako. Na siku utakayokwama kweli, uombe tuwe tumesahau leo."

Wakaondoka na majembe yao na machela tupu. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma. Manirambona akainama, akaanza kuyaokota matawi.

Alikuwa ameyakumbatia kifua kizima, amesimama katikati ya barabara, pale Immakulata na Wilondja walipokuja kutoka upande wa daraja. Immakulata alikuwa amelowa chapachapa, kitenge kimemganda, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao mumewe hakuwahi kuuona. Alimwona mumewe, akaliona panga kiunoni mwake, akayaona matawi. Mwanga ule ukaondoka kidogo kidogo usoni pake, na Manirambona akatazama unavyoondoka.

"Daraja ni zima," alisema Immakulata. "Basi litapita."

"Mama Akimana..."

"Njia ilikata kona tu, nikayakuta mbele yangu. Nilifumba macho, unajua? Nikafumba kama mtoto, nikasema bado, sijayaona, nitarudi na mume wangu. Lakini yanakurushia maji usoni. Nikafumbua. Nikalia pale. Nikasema, laiti angekuja. Kumbe ulikuwa huku chini."

Wilondja alikuwa anahangaika na plastiki ya kamera, hajui aangalie wapi. "Papa Akimana," alisema kwa upole, "nilikamata foto. Ile saa alifungua macho. Sikujua kama ni makosa."

Manirambona alimsogelea. "Naomba nione."

Immakulata akaitikia kwa kichwa kwamba aonyeshwe. Wilondja akapangusa kioo kidogo kwa kidole gumba, akakisogeza. Ulikuwa uso wa mkewe, mdomo wazi, macho yamejaa maji, msichana wa Gwarama kabisa, yule aliyeahidiwa. Uso ule Manirambona alijiwekea akiba miaka yote, akiamini unamngoja yeye, na sasa anaonyeshwa kwenye kamera ya mtu mwingine. Hakusikia wivu tena. Angeukaribisha urudi, kwa sababu kilichokuja mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

"Nitakuja na kwaya," alisema. "Nitakushika mkono."

"Njoo," alisema Immakulata. "Utakuwa unayaona na mtu aliyekwisha kuyaona."

Akapanda garini, akavua mabuti mekundu yaliyojaa maji, akayamwaga nje ya mlango. Wilondja akawasha. Manirambona alibaki amesimama mbele ya gari, amekumbatia mzigo wake, mvua inamchuruzika shingoni, mpaka mkewe akatoa kichwa dirishani.

"Baba Akimana, yaweke pembeni hayo matawi. Tupishe."