Vipepeo Wasiolowa

Mvua ilinyesha, na Mkuu wa kitengo, akiwa na gambuti mpya, alichagua pa kukanyaga. Mbele yake alitangulia mtafiti wa wadudu, ambaye ofisini walimwita Bi Mabawa. Vipepeo wa bluu walijaa juu ya kinamasi. Matone yaliwapenya mabawa na kutua majanini.

"Hao wamekufa, Mkuu," alisema Bi Mabawa. "Hawalowi."

"Wanaruka?"

"Wanaruka."

"Basi wahesabu. Mwongozo unasema kinachoruka kinahesabiwa."

Bi Mabawa alishalieleza hili mpaka koo likamkauka. Kipepeo huyu hutaga mayai kwenye mmea mmoja tu unaotambaa, na mmea wenyewe hauoti nje ya kinamasi hiki. Kiwavi wake ana madeko: bora afe njaa kuliko kuonja jani jingine. Hula, hunenepa, hujifungia ndani ya gamba, kisha hutoka na mabawa. Walio hai walikuwa wamebaki wachache, kwenye kichaka kimoja. Kipepeo akitangazwa kuwa yumo hatarini, kichaka kitapona. La sivyo, hapo yatajengwa maegesho ya magari.

"Wafu hawatagi, Mkuu."

"Hata mimi sijazaa, mbona kwenye sensa nilihesabiwa?" Mkuu alicheka peke yake. "Kama una kinyongo na maegesho, sema."

"Kinyongo changu ni na hesabu yako."

"Dada yangu, utazeeka kabla ya siku zako."

Kipepeo akatangazwa kuwa yuko tele na anaongezeka. Tingatinga likaja. Dereva wake alipoona viwavi majanini, alizima injini, akamgeukia Bi Mabawa aliyesimama kando.

"Hawa niwahamishie wapi, dada?"

"Hakuna pa kuwahamishia, kaka. Hawali kingine."

"Basi tusameheane," alisema, akawasha.

Kichaka kilipolala chini, viwavi waliinuka kutoka kwenye tope wakiwa na mabawa tayari, bila kusumbuka na gamba. Wingu la bluu likafunika tingatinga. Mkuu aliliona kutoka mbali, akampigia simu papo hapo.

"Umeona? Wameongezeka! Na wewe ulivyokuwa umenuna!"

Bi Mabawa alimkatia simu, akasonya, akaendelea kuhesabu, maana ndiyo kazi iliyomweka mjini.

Maegesho yalipofunguliwa, alikwenda na gari la ofisi. Vipepeo walikuwa wametanda hadi getini. Mlinzi alipitisha mkono katikati yao, akampungia.

"Ingia tu, dada. Nafasi zipo tele."