Jeneza la Mzee Yevstigney

Mzee Yevstigney alijichongea jeneza lake zamani, kama wazee wote wa kijiji kile cha kando ya mto Volga, na miaka yote lilikaa ghalani likihifadhi shayiri. Mwaka ule Agafya, mjane wa mwanawe, alilihamishia ndani ya nyumba, chini ya picha za watakatifu, akalijaza mbegu za ngano hadi nusu, akatandika shuka jeupe, akamwambia mzee apande alale.

"Ukipiga chafya tu, baba, tumekwisha," alisema akimshikisha mshumaa.

"Kufa kwenyewe nimekungoja weee, leo ndio naanzishwa mazoezi!"

Hawakuwa wachoyo. Lenin alipotangaza kwamba ardhi ni ya anayeilima, Agafya alilia kwa furaha, akapata kipande chake katika shamba la kabaila wa pale. Mwaka uliofuata wakaja watu wenye bunduki, kwa jina hilohilo la Lenin, wakakomba nafaka ya kijiji. Sasa walikuwa wanarudi. Mbegu hizi zikienda, shamba lingebaki magugu, na wao wangelala njaa.

Mlango ukasukumwa. Aliingia kamanda na askari wawili, na mmoja wao, mwenye nyota nyekundu kofiani, alikuwa Prokhor, mwana wa pekee wa Agafya, aliyekwenda mjini bila kuaga. Agafya alikuwa amejiandaa kudanganya wageni, si damu yake mwenyewe.

"Babu!"

Prokhor alisahau kwamba siku hizi haamini Mungu wala desturi. Alivua kofia, machozi yakimtoka, akainama kumbusu mzee kwenye paji la uso, kama maiti wanavyoagwa kijijini kwao.

Akabaki ameinama. Paji lilikuwa na joto.

Agafya alimsihi kwa macho. Alikuwa amembeba mtoto huyu mgongoni kwenye mavuno, jamani.

"Vipi, ndugu Prokhor?" kamanda aliuliza.

"Mjini watoto wanakufa njaa, mama," Prokhor alisema polepole.

"Na sisi mwakani tule nini, Proshka? Hotuba?" Agafya alimjibu, akimwita kwa jina lake la utotoni.

Prokhor akamgeukia kamanda. "Yuko hai. Amelalia ngano."

Kamanda alicheka mpaka akakohoa. Wakamnyanyua mzee wakamkalisha kwenye benchi, mshumaa wake ungali unawaka mkononi, wakachota mbegu. Prokhor ndiye aliyeshika mdomo wa gunia. Agafya alimchukia, na papo hapo aliona jinsi alivyokonda, akatamani kumpa mkate. Hakumpa.

Mkokoteni ulipokuwa tayari, kijana alirudi mlangoni peke yake.

"Babu, nisamehe."

Mzee alizima mshumaa kwa vidole.

"Agafya," alisema bila kumtazama mjukuu wake, "siku nikifa kweli, huyu asinibusu."