Karatasi Iliyoomba Kiti

Kila asubuhi Shangazi alipitisha karatasi ya plastiki kati ya rola mbili, akaivuta mpaka ndani yake vikafunguka viputo vidogo kuliko mbegu za ufuta. Viputo vikishajazwa hewa na karatasi kupigwa umeme, basi. Ukiibonyeza inatoa umeme kidogo, wa kutosha kumjulisha daktari kwamba mgonjwa aliyelala juu yake bado anapumua.

Kazi hiyo aliifanya amesimama. Miguu ilimvimba hadi akawa anavaa viatu vya mumewe. Alianza kuomba kiti tangu mpwa wake, mkata vipande wa hapo hapo kiwandani, alipokuwa hajaolewa. Sasa mpwa ana watoto wanaotembea. "Subira, Shangazi," msimamizi alimjibu, maana kiwanda kizima kilimwita hivyo.

Kwa sababu ya kelele za mashine, Shangazi alizoea kuinama na kulalamika karibu kabisa na karatasi, pale pale viputo vinapofunguka.

Siku moja mpwa alibonyeza kipande kwa kidole gumba, kukijaribu. Kikatoa umeme wake, kisha kikasema, "Jamani, miguu. Hata kigoda tu."

"Shangazi, umeingia humu."

"Nimesikia. Mbona sauti yangu nzito hivyo?"

"Ndivyo ilivyo. Sisi tumeshazoea."

Wakaendelea na kazi.

Karatasi nyingi zilikuwa zimeshauzwa. Hospitalini, mgonjwa akijigeuza, godoro liliomba kiti. Wauguzi wakaleta. Ndugu wakapata pa kukaa, wakakaa sana, na wagonjwa wakapona upesi ili wapumzike. Hospitali zikaagiza tena, zikasema zile bubu hazizitaki.

Ndipo msimamizi akashuka na kiti kipya, chenye mto. Akakiweka kando ya rola, akakikalia, apate kusikiliza vizuri.

"Haya, Shangazi. Endelea."

"Na mimi nikalie nini, baba?"

"Ukikaa utalalamikia nini? Na sisi tutauza nini?"

Shangazi aliipima hoja hiyo, akaona kichwa inacho. Miguu ndiyo ilikuwa ya kwake. Akainama, akaieleza karatasi habari za msimamizi, kwa kirefu, kuanzia alivyolelewa.

Mzigo huo ulinunuliwa upesi kuliko yote. Msimamizi akajiongezea mto wa pili.