Kamishna na Bibi Yake

Asiyefunzwa na ulimwengu hufunzwa na mamaye, na mimi walinifunza akina mama arobaini kwa mpigo, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa letu Maplewood, huku ughaibuni.

Kila mwezi tunaonyesha filamu ya polisi ya Kitaliano ya miaka ya sabini: kamishna mwenye masharubu, majambazi wenye soksi usoni, vigari vikifukuzana hadi kuvunja meza za wauza samaki. Akina mama wa Kongo wanazipenda kuliko semina za ndoa. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo mtu hushika kipaza sauti na kusimulia kwa Kiswahili. Mtu huyo alikuwa Yves, mpaka nilipomweleza Mchungaji Elisée kwamba Yves anaichinja lugha, na kwamba mimi nina diploma ya Kiswahili. Nilikwenda nayo. Ilikuwa kwenye fremu.

Mchungaji akanipa filamu moja ya majaribio.

Nilianza vizuri mno. Yves angesema "gari inakimbia". Mimi nilisema "gari latimua mbio". Kisha kamishna akaingia nyumbani kwao, akamkumbatia nyanya yake, kikongwe wa miaka themanini. Neno "nyanya" nililidharau. Nyanya ni za kachumbari. Nikatamka kwa sauti ya redio, "Kamishna ambusu bibi yake."

Akina mama wakatazamana.

"Huyu ndiye bibi yake?" akauliza Mama Euphrasie, aliyeketi mbele na bakuli la karanga.

"Ndiye, mama. Bibi aliyemlea."

"Alimulea, kisha akamuoa?"

"Labda kijana anatafuta makaratasi ya ukaazi," jirani yake akasema.

Kwao Bukavu, bibi ni mke. Kwetu Nakuru pia. Baba yangu humwita mama yangu "bibi yangu" tangu nizaliwe. Lakini diploma ilikuwa imeniziba masikio, nikaendelea. Dakika kumi baadaye kamishna akamshika kiuno mjane kijana.

"Na bibi yake yuko nyumbani anamupikia," Mama Euphrasie akasema.

Wakaanza kumzomea. Kamishna alipopigwa risasi begani, walipiga makofi. Jambazi mkuu alipokamatwa, akina mama wawili walilia. Katika filamu nzima, walisema, ndiye mwanamume pekee aliyeheshimu ndoa yake. Yves, kule nyuma, alicheka mpaka akashika ukuta.

Taa zilipowashwa, Mchungaji akaniita kando. "Serah, waombe akina mama radhi, useme ulikosea neno. Kipaza sauti kitabaki kwako."

Mama Euphrasie alikuwa amesikia. "Sema tu, mwanangu. Sisi hatuna neno."

Nilijua nimekosea. Nilijua tangu pale kwenye makaratasi. Na kile kipaza sauti nilikitaka kuliko nilivyowahi kuitaka ile diploma. Nikamkabidhi Yves.

"Bibi ni mama mzaa mama," nikasema. "Siombi radhi."