Nywele Alizosuka Nabwire

"Mzee, zima mashine kidogo," Marvin alisema, nusu ya kichwa chake imenyolewa, nusu bado. "Huyu si ni Nelima wako?"

Wangila akazima mashine. Kwenye simu ya Marvin, bintiye alikuwa anamaliza mita mia nne, mdomo wazi, kipara kinang'aa juani, wenzake wako nyuma huko mbali. Tangu juzi watu wa mtaa wao wa Kawangware 46 walikuwa wakimwita Baba Champion, na hata yeye, mtu aliyezika mke hivi majuzi, alikuwa amejikuta akicheka.

"Hiyo nimeona."

"Soma hapo chini."

Akasoma. *Huyu ni mwanaume, msitudanganye. Angalieni hiyo shingo. Apimwe!* Mmoja alikuwa ameandika kwamba msichana wa kweli ana nywele, na watu elfu sita wakamuunga mkono. Elfu sita! Watu ambao hawangemjua Nelima hata akiwakanyaga mguu.

Na kipara chenyewe kilikuwa kazi ya mkono wake. Siku ya tatu baada ya mazishi kule Kimilili, familia ilikaa uani inyolewe, kama Wabukusu wanavyofanya wakifiwa. Mjomba mmoja ndiye aliyepewa wembe. Nelima akamkatalia katakata. "Baba ndiye atanishika kichwa." Wazee wakanung'unika, lakini mtoto wa miaka kumi na saba anayelia hivyo utamwambia nini? Wangila akamnyoa. Zilikuwa nywele alizosukwa na mama yake, Nabwire, kwenye kitanda cha hospitali, vidole havina nguvu, mistari imekwenda upande. Wangila alizikata moja moja. Baada ya siku nne Nelima alikimbia, na kamera zikamkuta hivyo hivyo.

Jioni alimwuliza kama ameona yaliyoandikwa.

"Nimeona. Wacha waongee," Nelima alisema akifunga kamba za viatu. "Jumamosi ijayo ndio tunachaguliwa timu ya taifa. Nitawajibu na miguu. Lakini baba, usiwaambie mambo ya mama. Mama si wa kwao."

"Sitasema."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Maskini Wangila! Alikaa na hiyo ahadi siku mbili tu. Siku ya tatu Marvin alirudi, na huyo Marvin ana ukurasa unaofuatwa na watu wengi kweli. "Mzee, wanamtukana mtoto wako na wewe umenyamaza? Sema tu ukweli. Wataona aibu, wallahi."

Wangila alisema. Na kama kusema hakukutosha, alifungua droo, akainua taulo safi, akatoa mfuko. Nywele za matanga huzikwa kaburini kwa marehemu, kila mtu kwao anajua. Yeye alikuwa ameficha zile nywele zilizosukwa, kwa sababu zilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya mkewe, na hakuweza, hakuweza kabisa kuzifukia. Akaziinua mbele ya simu ya Marvin iliyokuwa ikirekodi. "Nywele zake ndizo hizi. Mama yake alimsuka akiwa anakufa." Kisha akalia, mtu mzima, mkononi ana brashi ya poda.

Kesho yake nchi nzima ilikuwa inalia naye. Walioandika *apimwe* sasa waliandika *pole malaika*. Wageni walimfuata Nelima mpaka uwanja wa mazoezi kumkumbatia. Mwanamke mmoja mwenye kamera alimwomba aseme anamwona mama yake vipi anapokimbia, na kama anaweza kulia kidogo. Nelima alivua viatu vya misumari, akampa kocha Musyoka, akaondoka na soksi.

Alienda Kambi Muru, Kibera, kwa dada ya mama yake. Ijumaa Wangila alimfuata kwa miguu. Alimkuta amekaa mlangoni, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi.

"Nilikuwa nakutetea, mwanangu," Wangila alisema.

"Najua."

"Hao watu walikuwa wanakuua."

"Hao sikuwa nawajua, baba. Wewe nakujua." Alifuta pua na kiganja. "Nilifikiri nywele zangu ziko na mama kule chini. Nilikuwa nalala nikijua amezishika. Kumbe ziko kwa droo, na taulo za watu."

Wangila alichuchumaa mbele yake.

"Nikikimbia nilikuwa naye peke yangu. Mita mia nne tu. Sasa hata hapo kumejaa watu."

"Kesho utakimbia?"

Nelima aliinuka, akamletea maji ya kunywa, kwa sababu baba yake alikuwa ametembea mbali.

Jumamosi saa nane kibanda cha kinyozi kilijaa. Televisheni ilikuwa imewashwa, na Wangila alikuwa anamnyoa fundi mmoja wa viatu aliyehamia mtaani mwezi huo, ambaye ile video alisimuliwa tu. Wasichana walipita mbele ya kamera wakienda kwenye mistari yao. Saba. Mstari wa nne haukuwa na mtu.

Pazia la mlango likasogea. Nelima akaingia na kofia yake, asisalimie mtu, akachukua ufagio kwenye kona.

"Yule wa kipara yuko wapi?" fundi aliuliza, macho kwa televisheni. "Si niliwaambia? Ameogopa kupimwa. Na ile hadithi ya mama ilikuwa ya kutafuta huruma tu."

Mashine ilinguruma hewani, mbali na kichwa cha mtu. Kifua cha Wangila kilijaa maneno. Alifungua mdomo. Kwenye kioo, Nelima alikuwa anamtazama.

Akaufunga.

"Inua miguu kidogo," Nelima alimwambia fundi.

Fundi akainua miguu, bila kumwangalia. Bastola ikalia kwenye televisheni, watu wote wakapiga kelele, na Nelima akainama akafagia nywele chini ya kiti, polepole, mpaka zote zikawa rundo moja.